Alama katika Ukingo wa Kanga

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wengi wetu tunapoanza somo la Biashara hudhani ya kuwa biashara ni kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa, basi. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Iko mali nyingine ambayo mfanyabiashara huwa nayo, nayo haipimwi kwa mizani wala kwa yadi, haiozi ghalani wala hailiwi na panya. Mali hiyo ni jina. Katika makala hii nataka kueleza jinsi jina la bidhaa linavyopatikana, linavyotunzwa na linavyopotea. Mfano wangu ni nguo, na hasa kanga, kwa kuwa hapa Kibiti na huko delta ni shida kuipata nyumba isiyo na kanga. Mwisho nitasema neno juu ya kitu chetu wenyewe, yaani mkeka wa Rufiji, maana huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Alama ya biashara ni neno, herufi au picha ambayo mwenye bidhaa huitia katika bidhaa yake ili mnunuzi aijue imetoka kwa nani. Siku hizi watu wengi huiita chapa. Alama haiongezi hata uzi mmoja katika nguo. Kazi yake ni kumwambia mnunuzi maneno haya: "Nguo hii imetoka kwa yule yule uliyenunua kwake mwaka jana, nayo ni sawa na ile." Kwa hiyo alama ni ahadi. Mtu akiahidi na kutimiza mara nyingi, watu humwamini kabla hajasema. Akiahidi na kuvunja, hata akiapa hawamsikilizi. Ndivyo ilivyo kwa bidhaa pia.

MERIKANI: JINA LILILOMPONYOKA MWENYEWE

Kabla kanga hazijaenea, nguo iliyotawala soko la Pwani na bara ilikuwa merikani. Tangu miaka ya 1820 wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakija Unguja kwa majahazi yao makubwa. Walitaka pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi iliyochimbwa katika mrima wetu, ambayo wao waliitengenezea vanishi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali ya Marekani. Wamarekani nao walileta nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na yenye nguvu. Watu wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka, wakasema merikani.

Nguo hiyo ilipendwa mno hata ikawa kama fedha. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilichukua majora ya merikani ya kununulia chakula na kulipia hongo njiani. Kipimo chake kilijulikana kila mahali: shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Twaona hata leo tukienda dukani twasema "doti ya kanga", na neno hilo limetoka katika siku hizo.

Kwa nini merikani ilipendwa kuliko nguo nyingine? Si kwa uzuri wa kutazama, maana haikuwa na ua wala rangi. Ilipendwa kwa kuwa ilikuwa ile ile daima. Aliyeinunua mwaka huu alijua ya kuwa ya mwaka ujao itakuwa na uzito ule ule na itadumu vile vile. Wenye viwanda vya Uingereza walijaribu kuiiga, lakini wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa wajinga. Waliishika nguo, wakaikunjakunja, wakajua ya kuwa hii siyo.

Lakini yakatokea mambo mawili. La kwanza ni vita. Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao, pamba ikawa adimu, bei ikapanda, na nguo haikuja kama zamani. La pili ni ushindani wa Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai. Huko vilikuwa vimekwisha kuanzishwa viwanda vya kusokota na kufuma kwa mashine katika miaka ya 1850, navyo vilikuwa karibu na Unguja kuliko Salem. Wahindi wakatengeneza nguo ya namna ile kwa bei nafuu. Ilipokaribia mwisho wa karne ile, nguo nyingi iliyouzwa huku kwa jina la merikani haikutoka Marekani tena. Ilitoka India.

Hebu msomaji tafakari jambo hili. Mnunuzi aliingia dukani akasema, "Nipe merikani." Jina lilikuwa la watu wa Salem, lakini fedha ilikwenda Bombay. Watu wa Salem hawakuweza kusema neno, kwa sababu jina lile halikuwa la nyumba yo yote ya biashara. Lilikuwa jina la nchi, na jina la namna ya nguo. Jina la watu wote halina mlinzi. Mwenye mali akishindwa kuleta mali yake, jina humwacha likamfuata mwingine.

KANGA NA "MALI YA ABDULLA"

Sasa tutazame mfano ulio kinyume cha huo. Husimuliwa ya kuwa katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua leso za kufutia jasho zilizochapwa maua, zikiwa bado zimeungana katika jora. Walizikata tatu tatu, wakaziunga kwa kuzishona pande mbili, wakapata vazi moja la leso sita. Ndiyo maana watu wa Mombasa mpaka leo huiita kanga leso. Baadaye wafanyabiashara waliona yafaa kuchapa nguo nzima ya kipimo hicho. Kwa kuwa baadhi ya nguo za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya yule ndege kanga, nguo nayo ikaitwa kanga.

Kuenea kwa kanga hakukuwa jambo la maua tu. Wakati wa utumwa, wanawake watumwa walivaa merikani au kaniki, nguo zisizo na pambo. Huko Unguja amri ya kukomesha utumwa ilitolewa mwaka 1897, na wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakavaa kanga ili kila mtu aone ya kuwa wao ni watu huru. Mfanyabiashara aliyedhani anauza pamba hakuelewa. Aliyefahamu ya kuwa anauza heshima ndiye aliyefaulu.

Mmoja wa walioelewa ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla. Nyumba yake ya biashara ilianzishwa mwaka 1887. Kanga zake zilitiwa ukingoni herufi za jina lake, K.H.E., pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Alama hiyo ingali ikionekana katika kanga hata sasa, zaidi ya miaka 130 baadaye. Wengi husimulia pia ya kuwa yeye ndiye aliyeanza, mwanzoni mwa karne ya 20, kutia maneno katika kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi.

Yafaa tuichambue kazi yake kama tunavyochambua hesabu. Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na maneno. Maneno hayo huitwa jina la kanga. Mwanamke akiingia dukani huuliza, "Hii jina lake nini?" Basi kanga ya Abdulla ina majina mawili. Jina moja ni la nguo, nalo hubadilika kila mara, kama vile "Akiba haiozi" au "Wema hauozi". Jina la pili ni la mwenye mali, nalo halibadiliki kabisa. Hapo ndipo ilipo akili ya biashara hiyo. Kitu kimoja humvuta mnunuzi kwa upya wake, na kingine humtuliza kwa uzee wake.

Jina la nguo hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mwanamke mwenye kanga kumi sandukuni hana haja ya kanga ya kumi na moja kwa kujifunika. Lakini kama ana neno la kumwambia jirani, wifi au mume, naye hataki kufungua kinywa, ataitafuta kanga yenye neno hilo, nayo itasema kwa niaba yake. Pamba ni ile ile, rangi ni ile ile, lakini neno limezaa sababu mpya ya kununua. Tena neno hilo liko katika lugha ya mnunuzi, wala si katika lugha ya mwenye kiwanda.

Viwanda vyenyewe vilikuwa mbali. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa Uholanzi, kwa mfano katika kiwanda cha Vlissingen mjini Helmond, na pia Uingereza, India na Japani. Wachapaji wa Helmond hawakujua Kiswahili. Wafanyabiashara wa Pwani ndio waliowapelekea maneno na michoro, kwa kuwa wao ndio waliokaa dukani wakasikia wanawake wanasema nini. Basi kiwanda kilikuwa na mashine, lakini mwenye duka alikuwa na masikio, na aliye na masikio ndiye aliyeweka jina lake katika nguo.

HATARI YA MALI INAYOLALA

Mitindo ya kanga hubadilika upesi, na jambo hili lilikuwa hivyo tangu zamani. Aliyeleta Unguja maua ya mwaka uliopita alibaki nayo ghalani. Kwa hiyo mfanyabiashara wa nguo hana budi kujua hesabu ya mali inayolala. Nitatoa mfano wa kubuni.

Tuseme mfanyabiashara ana uwezo wa kununua doti 1,000. Katika kila doti inayouzwa kwa wakati wake hupata faida ya shilingi 2,000, na katika kila doti iliyopitwa na wakati hupata hasara ya shilingi 3,000. Wa kwanza ananunua doti zote za jina moja. Watu wanapenda kidogo, wananunua doti 700, na 300 zinalala. Faida ni shilingi 1,400,000, hasara ni shilingi 900,000. Zinabaki shilingi 500,000. Wa pili ananunua majina matano, doti 200 kila moja. Majina manne yanakwisha yote, na la tano linauzika nusu tu. Faida yake ni shilingi 1,800,000, hasara ni shilingi 300,000. Zinabaki shilingi 1,500,000. Wote wawili wameuza kwa bei moja, lakini wa pili amepata mara tatu ya mwenzake kwa kuwa hakuweka mayai yote katika kapu moja. Tena akiona jina fulani limekwisha siku ya tatu, ataagiza lingine linalofanana nalo.

Jambo hili ndilo lililomtajirisha Mhispania Amancio Ortega, aliyefungua duka lake la kwanza la Zara katika mji wa A Coruña mwaka 1975. Leo maduka hayo yako katika nchi nyingi sana duniani. Ortega hakutegemea sana matangazo. Alitengeneza nguo chache za kila namna, sehemu kubwa yake karibu na nyumbani, yaani Hispania, Ureno, Moroko na Uturuki, hata kama mishahara ya huko ilizidi ile ya nchi za mbali. Wasimamizi wa maduka huarifu makao makuu wateja wanaulizia nini, na nguo mpya hufika dukani mara mbili kwa wiki. Mteja anajua ya kuwa asiponunua leo, kesho huenda asiikute. Kampuni ya H&M ya Uswidi, mshindani wake, ilionekana mwaka 2018 kuwa na akiba ya nguo yenye thamani ya dola zaidi ya bilioni 4. Ikabidi nguo nyingi zipunguzwe bei, na wateja wakizoea kupunguziwa bei hawataki tena kulipa bei kamili.

Tazama basi, msomaji. Jambo ambalo Zara hufanya kwa tarakilishi na ndege, wenye maduka ya kanga wa Mombasa na Unguja walilifanya kwa barua na meli: kusikiliza dukani, kuagiza namna nyingi, na kutia jina moja lisilobadilika.

WANAOIGA NA WANAONYAKUA

Jina likishakuwa na thamani, wezi nao huja. Wako wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni mwigaji. Yeye hutengeneza nguo hafifu akaipa alama inayofanana na ile inayosifiwa. Huku kwetu delta kanga hujaribiwa vikali. Mwanamke huivaa shambani kwenye mpunga, huivaa katika mtumbwi, huifua kwa maji yenye chumvi na kuianika juani. Nguo dhaifu haifiki mbali. Mama yangu alinunua doti moja katika mnada, ukingoni ilikuwa na herufi zilizokaribia sana zile alizozizoea. Dondo ilipotoka katika kufua mara ya kwanza, nguo ikawa kama chandarua, na rangi ikachuja yote. Tangu siku ile mama hanunui mpaka aishike nguo kwa vidole na kuisugua, naye husoma ukingo kabla hajasoma jina. Zingatia ya kuwa mwigaji hakumwibia mama peke yake. Amemwibia pia mwenye alama ya kweli, kwa kuwa mnunuzi aliyedanganywa mara moja humshuku hata mkweli. Ndiyo maana sheria ya alama za bidhaa imekuwapo nchini petu tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa bandia.

Namna ya pili ni mnyakuzi. Huyu haigi alama ya mtu. Huchukua jina la watu wote akataka liwe lake peke yake. Katika miaka ya 2007 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikishiwa neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Kama ombi hilo lingekubaliwa, mfumaji wa kikoi wa Pwani ya Afrika Mashariki angeweza kuzuiwa kuuza kikoi chake Uingereza kwa jina ambalo babu zake walilitumia. Watu wa Kenya walipinga pamoja na marafiki zao wa Uingereza, na ombi halikufaulu. Lakini jambo hilo latufundisha ya kuwa jina lisilolindwa na wenyewe huweza kulindwa na wageni, tena dhidi ya wenyewe.

PAMBA YA RUFIJI NA MKEKA WA RUFIJI

Sasa nirudi nyumbani. Sisi watu wa bonde la Rufiji tuna habari ndefu na nguo, tena ya uchungu. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianza kuwalazimisha watu wa Pwani kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Pamba ilikwenda Ujerumani ikiwa haina jina, na mkulima alipata malipo ya kudharauliwa. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Damu ilimwagika kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ilikuwa hii: kutoa jasho katika kitu ambacho si chako.

Baada ya uhuru taifa lilijaribu kuibadili hali hiyo. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na pamba ya Tanzania ikafumwa na kuchapwa hapa hapa kwa jina la hapa hapa. Akina mama wengi wa makamo bado huzisifu kanga za Urafiki kwa uzito wake. Lakini mashine zilichakaa, na mlango wa nguo za nje ulipofunguliwa kiwanda kilitaabika. Hapo tena twaona ya kuwa jina zuri pasipo mali ya kutosha dukani ni kama ngoma isiyo na mpigaji.

Lakini iko bidhaa moja ambayo haihitaji mashine, nayo ni mkeka. Wanawake wa Rufiji na Kibiti hukata ukindu, huuanika, huuchana, huutia rangi kwa kuuchemsha, kisha husuka ukili mrefu na kuushona mpaka upatikane mkeka. Shangazi yangu hufanya kazi hiyo. Ukili wake ni mwembamba na umekazwa, na mshono wake hauonekani mpaka uutafute. Mkeka mmoja humchukua majuma kadhaa. Mchuuzi huja, huikunja pamoja na mingine, hulipa bei moja kwa yote, huipakia katika gari na kwenda zake Dar es Salaam.

Likizo iliyopita niliona mikeka ya namna hiyo inauzwa Mbagala. Nilimwuliza muuzaji imetoka wapi. Akajibu, "Rufiji hiyo." Nikamwuliza imesukwa na nani. Akacheka, akasema, "Nitajuaje mimi? Mkeka ni mkeka."

Maneno hayo matatu, mkeka ni mkeka, ndiyo umaskini wa shangazi yangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijijini ni kweli, maana kila mtu hujua mkeka huu ni wa fulani bint fulani. Lakini ukifika Mbagala methali hiyo hupungukiwa na nguvu. Mnunuzi hawezi kutambua kwa kutazama mkeka utakaodumu miaka kumi na ule utakaofumuka mwaka huu. Kwa kuwa hawezi kutambua, hulipa bei ya katikati. Bei ya katikati humpunja msusi hodari na kumzidishia msusi mvivu. Baada ya muda yule hodari huona ya kuwa anajitaabisha bure, naye hulegeza ukili. Hapo mikeka yote huwa mibaya, na jina la Rufiji, ambalo lilikuwa sifa, huwa dharau. Kitu kisicho na alama humfukuza mtu mwema sokoni. Hilo ndilo fundisho kubwa la makala hii.

TUFANYE NINI?

Mimi naona hatukosi la kufanya, tena halihitaji mtaji mkubwa. Wasusi kumi au ishirini wa kijiji kimoja waweza kufanya kikundi. Kwanza wapatane kipimo: urefu, upana, na ukili wa unene gani. Pili wamchague mmoja wao, mkali na asiyependelea, awe mkaguzi. Mkeka uliopita kipimo ushonewe kipande kidogo cha nguo pembeni chenye alama ya kikundi na namba ya msusi. Mkeka usiopita uuzwe, lakini bila alama, hata kama umesukwa na dada yake mkaguzi. Siku watakapotia alama katika mkeka mbovu kwa kuoneana haya, siku hiyo wameuza jina lao kwa bei ya mkeka mmoja.

Tatu, alama iandikishwe. Kazi hiyo hufanywa na ofisi ya BRELA kwa Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 1986. Uandikishaji wa kwanza hudumu miaka 7, kisha hurudiwa kila miaka 10. Isiwe neno la kawaida kama "mkeka" au "ukindu", maana neno la namna hiyo ni la watu wote, nasi tumekwisha kuona yaliyoipata merikani. Iwe neno au picha ya pekee, kama alivyofanya Abdulla kwa jina lake. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, kazi yake ni kusaidia viwanda vidogo, nalo laweza kuulizwa ushauri.

Nne, wasikilize wanunuzi. Abdulla hakuuza alichokipenda yeye. Kama watu wa mjini wataka mkeka mdogo wa kuswalia, au wa rangi mbili badala ya tano, msusi apelekewe habari hiyo upesi, wala isikomee kwa mchuuzi. Sisi wanafunzi tunaojua kuandika na kupiga hesabu twaweza kuwa masikio ya mama zetu, kama wenye maduka walivyokuwa masikio ya wachapaji wa Helmond.

Najua wako watakaosema ya kuwa mambo ya chapa ni ya makampuni makubwa ya Ulaya, si ya wanawake wa Mbwera na Nyamisati. Nawajibu hivi: hata Abdulla alikuwa mtu mmoja mwenye duka mjini Mombasa. Hakuwa na kiwanda wala shamba la pamba. Alikuwa na neno lake, akaliandika ukingoni, na kila kanga iliyotoka ikalithibitisha. Mikono ya shangazi yangu yajua kazi kuliko mashine nyingi. Kilichopungua ni kipande cha nguo cha urefu wa kidole, chenye jina, na watu wa kukataa kukishona mahali kisipostahili.